Kugeuza michoro ya wino iliyoskaniwa kuwa vekta: mbona mistari midogo inaungana na nukta zinapotea?

WinoMweusi

Wakuu, salaam. Nina michoro ya ndege na mimea niliyochora kwa kalamu za wino za 0.1 na 0.2, karatasi ya A4. Hakuna rangi wala kijivu; vivuli vyote vimetokana na mistari iliyopishana na nukta nyingi. Nahitaji vekta (mchoro unaohifadhiwa kama mistari na maumbo badala ya pikseli) kwa kazi mbili: baadhi ya michoro itachapwa kwa ukubwa wa bango, na mmoja utachongwa kwa leza kwenye mbao.

Nimeskani kwa 300 dpi (nukta 300 kwa kila inchi), nikahifadhi JPEG, nikaingiza kwenye Inkscape, programu ya vekta, na kutumia Trace Bitmap, kipengele chake cha kufuatisha picha na kuigeuza vekta. Ukiitazama kwa mbali inapendeza. Ukikuza, balaa. Kwenye manyoya ya shingo mistari mitatu minne imeungana ikawa doa moja jeusi, kifuani nukta zimepungua waziwazi, na ncha ya mdomo imeviringika kama kipande cha sabuni kilichotumika. Juu ya hapo faili ni zito, nikisogeza tu picha kompyuta inaganda.

Tatizo ni programu? Nikihamia Illustrator nitapata nafuu?

MchoraRamani

Karibu mkuu. Programu haina kosa, na ukihamia nyingine utakutana na doa lilelile likiwa na sura tofauti kidogo. Tufanye hesabu kabla ya kulaumu mtu.

Kwa 300 dpi, pikseli moja (kijisanduku kidogo kabisa cha picha) ina upana wa takriban milimita 0.085. Mstari wako wa 0.1 unapata pikseli moja na kitu. Nafasi nyeupe kati ya mistari ya kivuli shingoni huenda nayo ni milimita 0.1 au pungufu. Kwa hiyo skana inaulizwa ionyeshe mstari, nafasi, mstari, nafasi, na kila kimoja kimepewa pikseli moja ambayo haijakaa sawasawa juu yake. Matokeo yake ni kijivu mfululizo. Ukishafika hapo hakuna programu itakayojua mistari ilikuwa mitatu au minne, kwa sababu habari hiyo haimo kwenye faili.

Kwa 600 dpi mstari huohuo unapata pikseli mbili na nusu hivi. Kwa 1200 unapata karibu tano. Mimi kwa kalamu ya 0.1 sishuki chini ya 1200. Kwa mchoro wa kalamu ya 0.5 wenye nafasi pana, 600 inatosha kabisa, usijitese.

Angalia pia skana yako ina dpi ngapi halisi. Kuna namba kubwa zinazoandikwa kwenye boksi ambazo ni za kukisia: mashine inasoma kwa kiwango chake, halafu inajaza pikseli za katikati yenyewe. Wewe fuata namba ya lenzi, ile inayoitwa ya optiki.

Na skani kwa kijivu cha biti 8 (ngazi 256 kati ya nyeusi na nyeupe). Usichague nyeusi-na-nyeupe kwenye skana hata kama mchoro wako ni mweusi na mweupe. Sababu yake nitaieleza, kwa sababu hapo ndipo kazi yote ilipo.

BiChapa

Naongezea kwa mwalimu hapo juu: JPEG iache. JPEG inagawa picha katika vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8, na kila penye ukingo mkali wa wino inaacha ukungu wa vidoa pembeni. Kwa macho huuoni. Programu ya kufuatisha inauona vizuri sana, na inakuchorea kila kidoa kwa uaminifu. Hifadhi TIFF au PNG tangu kwenye skana. Ukishahifadhi JPEG kisha ukaigeuza PNG, umehamisha uchafu tu kutoka chumba hiki kwenda kile.

Na kioo cha skana kifute. Naomba radhi kwa kusema jambo la wazi, lakini nusu ya "nukta" ninazoletewa dukani ni vumbi.

WinoMweusi

Nimeelewa hesabu ya pikseli. Sasa nimeskani upya kwa 1200, kijivu, TIFF. Mistari ya shingo inaonekana kila mmoja peke yake. Lakini nikifuatisha bado baadhi inaungana, na kona ya chini kulia, karatasi ilipojikunja kidogo, pametokea doa kubwa jeusi. Hicho kijivu nakifanyia nini?

MchoraRamani

Sasa tumefika.

Injini iliyo ndani ya Inkscape inaitwa Potrace, ya Peter Selinger. Yenyewe haijui kijivu. Inapokea picha ya pikseli nyeusi na nyeupe tu, inazunguka kila kipande cheusi ukingoni mwake, inatafuta poligoni inayofaa zaidi ukingo huo, kisha inailainisha kuwa mikunjo ya Bézier (mistari laini inayoongozwa na nukta chache, yaani nodi). Kwa hiyo lazima mtu aamue kijivu kipi kiwe cheusi na kipi kiwe cheupe, na mpaka huo ndio kizingiti. Usipouamua wewe, Inkscape inakata kwenye thamani iliyowekwa tangu mwanzo, kiwango kimoja kwa karatasi nzima. Na karatasi yako si moja: kona iliyojikunja ina kivuli, katikati pana mwanga. Kizingiti kinachofaa katikati kinaigeuza kona kuwa wino.

Zipo njia za kutafuta kizingiti kwa hesabu, kama ile ya Otsu ya mwaka 1979 inayosoma histogramu (hesabu ya pikseli ngapi zina kijivu kipi), lakini nayo ikitumika kwa picha nzima inakwama palepale. Kwanza sawazisha mandhari ya karatasi. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, nafanya hivi: nanakili leya (tabaka la picha), ile nakala naitia ukungu mzito mpaka mistari yote inayeyuka na kubaki picha ya mwanga wa karatasi peke yake, halafu naiweka juu kwa hali ya Divide. Mwanga usio sawa unajigawa wenyewe na karatasi inakuwa nyeupe pande zote. Kisha kwenye Levels (kirekebishi cha weusi na weupe) navuta nyeupe mpaka nyuzi za karatasi zipotee, nasogeza nyeusi kidogo tu. Kidogo tu! Ukivuta nyeusi kwa pupa mistari yote inanenepa na nafasi za shingoni zinaziba.

Hatua inayofuata wengi wanairuka. Kabla ya kukata kizingiti, kuza picha mara mbili ikiwa bado kijivu, kwa njia ya Cubic. Pikseli ya kijivu iliyo ukingoni mwa mstari inabeba habari: kijivu cha nusu maana yake wino umefunika takriban nusu ya pikseli hiyo. Ukikata kizingiti moja kwa moja unaitupa habari hiyo, pikseli inakuwa nyeusi yote au nyeupe yote, na ukingo unakuwa ngazi. Ukikuza kwanza, kijivu kinageuka kuwa mahali halisi pa ukingo, kisha ndipo unakata. Ndiyo sababu nilikuambia usiskani kwa nyeusi-na-nyeupe: skana ingekuwa imekata kabla hujapata nafasi ya kusema lolote.

Ukipenda kufanya kwa amri, Potrace inakuja na kaka yake mdogo, mkbitmap, anayefanya mambo hayo matatu kwa mkupuo: anasawazisha mandhari, anakuza mara mbili, anakata kizingiti kwenye 0.45. Kwa michoro mingi sigusi hata namba zake.

nukta_nukta

Mimi ni mtu wa nukta kama jina linavyosema, ngoja niseme la kifua kilichopungukiwa.

Kwenye Trace Bitmap kuna kipengele cha Speckles. Kinafuta vipande vyote vyenye pikseli chache kuliko namba uliyoweka. Watu wanaona vumbi, wanapandisha namba mpaka vumbi liishe, kumbe nukta zao za kivuli zimeondoka pamoja nalo. Pima kwanza. Nukta ya milimita 0.1 kwa 600 dpi ina eneo la pikseli nne au tano hivi. Ukiweka Speckles kwenye 10, umeifuta. Kwa 1200 nukta hiyohiyo ina pikseli kama kumi na saba, na ukikuza mara mbili alivyosema MchoraRamani inafika karibu sabini. Hapo vumbi la pikseli kumi na nukta ya sabini haviwezi kuchanganywa. Kwa hiyo dpi kubwa haikupi mistari safi tu, inakupa pengo la kutenganisha uchafu na kazi.

Smooth corners nayo: inaanzia 0 mpaka 1.34. Kwenye 0 kila kitu ni pembe kali, poligoni tupu. Ukifika juu kabisa hakuna pembe hata moja inayobaki, kila ncha inaviringika. Mdomo wako wa sabuni umetokea hapo. Mimi hukaa kati ya 0.7 na 1 kwa manyoya na majani. Optimize inapunguza nodi kwa kuunganisha mikunjo iliyo jirani. Iliyowekwa tangu mwanzo ni 0.2, na kwa mchoro wenye nukta nyingi sioni haja ya kuipandisha sana, nukta zinaanza kuwa na sura za viazi.

FundiLeza

Samahani naingilia, lakini huyu ndugu amesema mmoja unakwenda kwenye leza na hakuna aliyemuuliza swali la leza.

Unataka leza ijaze weusi, au ipite juu ya mstari?

Ufuatishaji mnaouzungumzia unatoa ukingo. Mstari mmoja wa kalamu unakuwa umbo lililofungwa, lenye upande wa kushoto na upande wa kulia. Ukimpa leza umbo hilo na kumwambia apite juu ya njia, atapita mara mbili kwa kila mstari, kushoto kisha kulia, na kwa mstari mwembamba mipito hiyo miwili inaunguza sehemu ileile. Kivuli cha mistari iliyopishana kinakuwa mkaa. Wenye plota za kalamu wanajua kero hiyo vilevile.

Kwa kazi ya kupita juu unahitaji mstari wa katikati. Inkscape tangu toleo la 1.0 ina Autotrace yenye uchaguzi wa Centerline, na Image Trace ya Illustrator ina uchaguzi wa Strokes. Usitegemee miujiza. Zinakonda mstari mpaka ubaki uti wa pikseli moja, na mistari miwili inapokutana uti unapinda: alama ya X inageuka kuwa Y mbili zilizoshikana migongo. Kwa mistari iliyopishana, kila makutano ni X. Halafu unene wa mstari unapotea wote, na sehemu iliyojazwa wino, kama mboni ya jicho, inakuwa mti wenye matawi.

Ninachofanya ni kugawa mchoro. Sehemu nyeusi nzito naziweka leya yake na kuzifuatisha kwa ukingo. Mistari inayosimama peke yake naifuatisha kwa katikati. Kivuli kilichopishana nakichora upya kwa kalamu ya Bézier, mstari mmoja nodi mbili. Inachukua jioni, lakini ni kazi unayoweza kuituma kwenye mashine bila wasiwasi.

WinoMweusi

@FundiLeza kwa mbao nataka ionekane kama ilivyo kwenye karatasi, unene wa mstari ubaki.

FundiLeza

Basi ni kujaza. Mashine inapita mstari kwa mstari kushoto kulia kama printa. Na kwa hali hiyo, ndugu yangu, vekta huihitaji. Mpe leza picha ya biti 1 (kila pikseli nyeusi au nyeupe tu) kwa ukubwa halisi wa kazi. Atakachofanya na vekta yako ni kuigeuza tena kuwa nukta kabla ya kuanza.

BiChapa

Afadhali mmelisema ninyi, nilikuwa nangoja.

Nitasema kubwa zaidi: hata mabango sina hakika kwamba yote yanahitaji vekta. A4 kwa 1200 dpi ni pikseli 9,921 kwa 14,031. Kwa biti 1 ni megabaiti 17 na ushei kabla ya kubanwa, na ukihifadhi TIFF kwa mbano wa Group 4, usiopoteza kitu, mchoro wa mistari unashuka sana. Picha hiyo ukiipandisha mpaka A1 bado ina nukta 424 kwa kila inchi. Mpaka A0 ni 300. Bango linalotazamwa kutoka hatua tatu, nani ataona ngazi hapo?

Kinyume chake naletewa PDF za vekta zenye njia moja yenye makumi ya maelfu ya nodi, kwa sababu mistari yote iliyopishana imegusana na programu imeihesabu kuwa kipande kimoja chenye matundu. Mashine inafikiri, inafikiri, mara nyingine inagoma. Mteja ananiambia "lakini ni vekta". Vekta gani hiyo, ni picha ya pikseli iliyovalishwa koti.

MchoraRamani

BiChapa hapo tunaachana njia kidogo. Kwa A0 ukisogea karibu, ngazi za 300 dpi kwenye ukingo mweusi wa biti 1 zinaonekana, maana hakuna kijivu cha kuzificha. Kazi ya mistari huwa inaombwa 600 au zaidi kwa ukubwa wa mwisho, wewe mwenyewe unajua. Na watu husogelea bango la ndege, ndiyo raha yake. Vekta haiongezi mstari ambao haukuwepo, lakini ukingo unabaki laini kwa ukubwa wowote.

Nakubaliana nawe kuhusu njia moja kubwa. Dawa yake si kubonyeza Simplify (amri ya kupunguza nodi) kwa mchoro mzima, hiyo inayumbisha kila kitu, kifua na mdomo kwa pamoja. Dawa ni kugawa kabla ya kufuatisha: kichwa leya yake, bawa leya yake, mmea leya yake, kwa kukata kwenye picha ya pikseli penye nafasi nyeupe. Kila kimoja kifuatishwe peke yake na mipangilio yake. Kichwa kinataka pembe kali, shina la mmea linataka ulaini. Tahadhari: ukishafuatisha, usitenganishe kwa Break Apart (amri ya kuvunja njia kuwa vipande) bila kujua inafanya nini, kwa sababu matundu yote yanageuka vipande vyeusi na jicho la ndege linazibwa.

mpenda_mkato

Kwani hizi zana za akili bandia hazifanyi haya yote kwa kubofya mara moja?

nukta_nukta

Kwa nembo na katuni, zinafanya vizuri, sibishi. Kwa mchoro wa kina zinakisia. Nimeona unyoya ukitoka na mishipa iliyopangwa vizuri kuliko alivyochora mwenye kazi, na ndege akawa na kidole cha ziada. Kama ni mchoro wa kitabu cha kutambulisha spishi, idadi ya manyoya ya mkia ni habari, huwezi kumwachia mtu akisie. Angalau Potrace ikikosea inakosea mbele ya macho yako.

karatasi_kuukuu

Swali la pembeni. Mimi ninayo michoro ya zamani, karatasi imekuwa ya njano na ina madoa ya kahawia. Mingine ina mistari ya penseli ya buluu chini ya wino. Nikisafisha kwa Levels wino mwepesi unaondoka pamoja na madoa.

BiChapa

Skani kwa rangi, usiskani kwa kijivu. Kisha zitazame chaneli (nyekundu, kijani, buluu) moja moja. Njano na kahawia zinaakisi nyekundu nyingi, kwa hiyo kwenye chaneli nyekundu karatasi inakaribia kuwa nyeupe na wino mweusi unabaki mweusi. Chukua hiyo, zitupe nyingine mbili.

Penseli ya buluu ni kinyume chake: inafifia kwenye chaneli ya buluu na kukolea kwenye nyekundu. Wachoraji walikuwa wanachorea rasimu kwa buluu hafifu kwa sababu filamu za uchapaji hazikuiona rangi hiyo. Kama mchoro una vyote viwili, madoa na buluu, anza na chaneli nyekundu, na hiyo penseli utaifuta kwa mkono. Au fanya sehemu kwa sehemu. Na hakikisha michoro ni yako au una ruhusa. Kuifuatisha hakuifanyi iwe yako.

WinoMweusi

Wakuu, mrejesho. Wa leza nimepeleka TIFF ya biti 1 kama FundiLeza alivyosema, nangoja mbao. Wa bango: 1200 kijivu, Divide, Levels taratibu, kukuza mara mbili, kizingiti, halafu nimegawa leya nne. Kifuani Speckles 25, Smooth corners 0.8. Nukta zimerudi na vumbi limekwenda, ncha ya mdomo imekuwa ncha. Kompyuta haigandi tena.

Bado pamebaki sehemu moja ya shingo, chini ya taya, mistari imeungana hata kwa 1200. Nikiishusha kizingiti, mistari hiyo inaachana, lakini ile myembamba ya shavuni inakatikakatika.

MchoraRamani

Itazame karatasi yenyewe kwa kioo cha kukuzia. Nahisi wino ulitapakaa pale na mistari imeungana kwenye karatasi pia. Kama ndivyo, skana inasema kweli. Kata eneo hilo tu, lipe kizingiti chake cha chini, lifuatishe peke yake, shavu liache kama lilivyo. Ikishindikana, pitisha mistari myeupe juu ya doa kwa kalamu ya Bézier, ukifuata uelekeo wa manyoya ya jirani. Ni mistari mingapi?

WinoMweusi

Kama kumi na miwili. Nimetazama kwa kioo, kweli wino umetapakaa. Naichora.

FundiLeza

Mistari myeupe hiyo itoe kwa Difference (amri ya kukata umbo moja kutoka jingine), usiiache juu kama rangi nyeupe. Siku bango litakapochapwa kwenye karatasi ya krimu utaniambia.